Kuchungulia kazi ya uwakili Mwanza: nimeenda kwa meli, nimerudi kwa basi

Hii nawaandikia wanafunzi wa sheria wenzangu wa mikoani, wale ambao wakisikia kampuni ya mawakili wanajua ni Dar tu. Mwanza zipo bana, na ipo moja (jina sitaji, niliahidi) ambayo likizo ya katikati ya mwaka inachukua wanafunzi wachache inakaa nao Jumatatu mpaka Ijumaa. Siyo fildi ile ya chuo yenye logibuku na msimamizi anayekuja kukukagua, hii ni kuchungulia tu kazi ilivyo ili ujue kama unaitaka au unaisoma kwa sababu baba alitaka. Uingereza mtindo huu ni wa kawaida, kampuni za uwakili zinachukua wanafunzi wa mwaka wa kwanza siku chache waangalie, baadaye ndo wanaomba kukaa wiki kadhaa. Bosi wa hapa alisomea kule masta yake akarudi na hilo wazo. Hela hawakupi, nauli hawakupi, chai ya saa 4 wanakupa.

Naandika nikiwa nyumbani Bukoba, nimeunga kutoka kwenye daftari na picha za simu. Picha za mahakamani hakuna, msiniulize. Na mambo ya wateja nimeyakoroga makusudi, vijiji na mali na watu, maana nilisaini karatasi ya usiri hata kabla sijaonyeshwa choo kiko wapi.

Ijumaa: Bukoba, Kemondo, ziwani

Meli inaondoka usiku ila bandarini uwahi, foleni ya abiria na ya mizigo zinachanganyikana na mwenye mzigo ndo anasukuma zaidi. Mama alitaka nipande basi. Kwetu Kagera mtu wa umri wake ukimtajia meli anakumbuka MV Bukoba, 21 Mei 1996, ilizama ikiwa imeshakaribia Mwanza, na familia nyingi zina mtu wa kumtaja. Nikamwambia mama hii ni Victoria, imekarabatiwa ikarudi kazini 2020, wanahesabu watu na maboya yapo. Akasema haya nenda, ila ukikanyaga nchi kavu tu piga simu. Nilivyopiga asubuhi alipokea haraka sana, sidhani kama alilala.

Jina lake kamili sa hivi ni MV New Victoria Hapa Kazi Tu lakini sijasikia mtu hata mmoja analisema lote, Victoria inatosha, na ipo ziwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 60 kwa hiyo hata bibi anaijua. Nilikata daraja la tatu la kukaa, ndo mfuko uliporuhusu. Ukiwa na hela kidogo chukua la kulala, utakuja kunishukuru. La tatu taa haizimwi usiku kucha, watoto wanalia kwa zamu, na kuna kijana alipiga miziki kwenye simu mpaka mzee mmoja akamwomba kwa heshima zote azime, akazima, akaanza kuangalia mpira.

Kemondo tulikaa sana. Pale ndo ndizi zinapakiwa, mikungu kwa mikungu, vijana wanabeba begani wanapanda wanashuka, na kila mkungu una alama ya mwenyewe, mwingine kamba nyekundu, mwingine kakwangua herufi kwenye shina. Nilikaa jirani na mama mmoja anayepeleka ndizi Mwanza karibu kila wiki. Akaniuliza naenda kufanya nini nikamwambia najifunza uwakili, akacheka akasema basi kaa hapa nikuulize, kuna mtu ananidai hela ambayo nilishamlipa na karatasi sina. Nikamwambia mama mi bado mwanafunzi. Akasema hata wakili mwenyewe aliniambia tafuta karatasi, nyie wote mnasema hivyo hivyo. Akanifungulia kifurushi chake, ndizi za kuchoma na kipande cha samaki mkavu, na kwenye saa 9 upepo ulivyokuwa mkali akanitupia nusu ya shuka lake. Nikampa kahawa za kutafuna ambazo nilizibeba kwa ajili ya shangazi. Beba shuka. Kama huna shuka beba kitenge. Ziwa usiku lina baridi ambayo mtu wa Dar hawezi kuielewa.

Jumamosi na Jumapili: Mwanza, nguo nyeusi

Tulifika kumekucha. Ukiwa unaingia Mwanza kwa maji unaona kwanza mawe, halafu nyumba zilizokaa juu ya mawe, halafu lile jiwe la Bismarck kila mtu anatoa simu, na mi nilitoa.

Shangazi anakaa Mabatini, mlimani. Boda alinishusha chini barabarani, juu kule pikipiki haipandi, unapita katikati ya mawe na kuta za watu na begi kichwani, mtoto wa jirani akalichukua begi bila kuambiwa akapanda nalo anaruka ruka kama mbuzi. Shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, mbona umekonda, na sahani ikawa tayari mezani. Sato mchemsho na ugali, saa 3 asubuhi. Sikubisha.

Mchana tukashuka Mlango Mmoja kutafuta nguo. Imeili ya ofisi ilisema mavazi ya mahakamani: nyeusi na nyeupe, viatu vya kufunika vidole, sketi ipite magoti. Mi nilikuwa na blauzi nyeupe tu. Mitumba pale ukijua kuinama utapata, sketi na koti lake vya rangi moja, aliniambia 20,000 tukamaliza 12,000, blauzi ya pili 4,000. Sketi ilikuwa ndefu inafagia. Fundi cherehani wa pembeni akaipunguza hapo hapo, nilivyotaka kumlipa 2,000 yake akaniuliza unaenda kazi gani, nikamwambia kwa mawakili wiki nzima, akaisukuma ile hela akasema iweke, siku mgambo wakinibebea cherehani utakuja kunitetea. Shangazi akamwambia subiri miaka minne. Akasema mi sihami.

Ushauri: usinunue suti mpya ya laki kwa ajili ya hiki kitu. Hakuna aliyeangalia lebo. Viatu ndo vya kuangalia, utasimama na utatembea, vya kisigino virefu viache nyumbani.

Jumapili ni kanisani, kufua na kulala.

Jumatatu: ofisini

Daladala kutoka Mabatini mpaka mjini 600, nilitoka saa 12 na nusu nikafika mapema mno, nikakaa kwa mama mmoja anauza chai na vitumbua nje ya jengo mpaka saa 2 kasoro. Ofisi ni ghorofa ya pili, ngazi tu hakuna lifti, na chini ni duka la vifaa vya uvuvi, nyavu na kamba, so harufu ya nailoni inakusindikiza mpaka mapokezi.

Tulikuwa wanafunzi wanne, wengine watatu wanasoma hapo hapo Mwanza. Wakatupa ile karatasi ya usiri. Bosi mwenyewe, mama wa makamo, anaitwa wakili na kila mtu mpaka mlinzi, alitusalimia akasema kitu kimoja tu, kwamba wiki hii hatutaona mtu anapiga meza mbele ya jaji, tutaona watu wanasubiri, na tuangalie wanasubiri nini.

Kitu cha kwanza tulichoonyeshwa ni kalenda. Kubwa, ya ukutani, pamoja na daftari gumu, pamoja na kompyuta. Tarehe moja inaandikwa sehemu zote tatu. Yule dada wa masijala alisema wakili akisahau sheria jaji atamkumbusha, akisahau tarehe hakuna wa kumkumbusha, kesi inatupwa. Chuoni tunasoma ukomo wa madai (muda wa mwisho wa kufungua kesi) kama mada ya mtihani, kudai ardhi miaka 12, haya sawa, hapa ni rangi nyekundu ukutani na mtu anaifuta jasho likimtoka.

Mchana nikapewa bahasha ya kaki iliyochoka. Mgogoro wa shamba upande wa Sengerema, mteja anadai jirani kaingia kwake, na kazi yangu ni kupanga karatasi zote kwa tarehe niandike mtiririko wa matukio kwenye kurasa mbili. Nikajua nusu saa. Ilikula mchana mzima. Ndani kulikuwa na risiti za michango ya shule, kadi ya kliniki, barua ya kijiji isiyo na tarehe, na hati ya mauziano ya 1998 iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari la mistari. Hiyo hati niliiangalia muda mrefu. Wino wa bluu, dole gumba la muuzaji limevuja mpaka nyuma, mashahidi watatu, na karatasi ilikunjwa mara nyingi kiasi kwamba mkunjo umelila jina la shahidi wa tatu, zimebaki herufi mbili mwanzoni na moja mwishoni. Mashahidi wawili wa kwanza walishafariki. Nikaandika kwenye kumbukumbu zangu: shahidi wa 3 hasomeki. Kaka wakili mdogo (aliyeapishwa juzi juzi, ndo tuliyekabidhiwa) akasoma akasema huyo asiyesomeka ndo tunamtaka.

Jumanne: Mahakama Kuu

Simu zinazimwa, siyo kuwekwa kimya, zinazimwa. Tulikaa benchi la nyuma. Sikujua ni wapi pa kukaa na wapi ni pa mawakili, mzee mmoja mhudumu wa mahakama aliniona nazubaa akanivuta mkono taratibu akanionyesha, akaninong'oneza jaji akiingia simama, akiinama na wewe inama, usikunje mguu. Wabeja sana baba, nikamwambia kwa Kisukuma changu cha daladala, akafurahi mpaka kwenye mapumziko akanitafuta aniulize kwetu wapi.

Rufaa ya ardhi kutoka baraza la ardhi la wilaya. Imeitwa, wakili wa upande wa pili hayupo, mwenzake kasimama kwa niaba yake anasema anaumwa. Jaji kauliza maswali kama matatu makali hivi, kaandika, kapanga tarehe nyingine. Dakika nane. Mteja wetu wa siku hiyo alitoka kisiwani Ukerewe jana yake, kalala gesti, kavaa koti la harusi. Nilimwona usoni. Kaka wakili akamchukua pembeni kwenye korido akamweleza pole pole nini kimetokea na kwa nini tarehe ni ile, muda mrefu kuliko kesi yenyewe. Mi nadhani hapo kwenye korido ndo uwakili ulikuwepo siku ile.

Kesi nyingine nilizozisikia zilikuwa hivyo hivyo, kutajwa, kuahirishwa, moja ikasikilizwa kweli na hiyo ilikuwa tamu, watu wanabishana kuhusu mpaka kwa Kiswahili safi huku nyaraka walizoshika zingine bado za Kiingereza. Sheria ilibadilishwa 2021 Kiswahili kikawa ndo lugha ya mahakama, lakini mafaili ya zamani hayajajitafsiri yenyewe.

Jioni tukakaa kwenye kompyuta kuona jinsi kesi inavyosajiliwa kwa mtandao. Siku hizi hupeleki karatasi dirishani, unapandisha kwenye mfumo, unapata namba ya malipo, unalipa, unasubiri. Mfumo uligoma kwenye saa 10 jioni na dada wa masijala akaanza kuimba pambio. Ukirudi chuoni anza kusoma hukumu kwenye tovuti ya TanzLII, ni bure, ofisini wanaifungua kutwa nzima na aliyeizoea anaonekana.

Jumatano: CMA

Hii ndo siku niliyojifunza zaidi na haikuwa mahakamani. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, watu wanaiita CMA, inashughulika na kesi za kazi. Mwanza ina viwanda vya kuchakata sangara kwa ajili ya kusafirisha nje, kwa hiyo kesi za waliofukuzwa hazikauki. Dada mmoja alikuja ofisini asubuhi kabla hatujaondoka. Anakata minofu miaka sita, siku moja msimamizi kamwambia kaa nyumbani samaki wamepungua tutakuita. Akakaa. Akapiga simu, subiri. Akapiga tena, subiri. Halafu akasikia wameshaajiriwa watu wapya.

Kaka wakili hakumuuliza habari za kiwanda kwanza. Alimuuliza ni lini. Akachukua kalenda ndogo ya mezani akaanza kuhesabu na kalamu, tiki, tiki, tiki, yule dada anaangalia kalamu. Anayelalamika kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu kupeleka lalamiko, madai mengine siku 60. Zilishapita, nyingi tu. Ikabidi waanze na maombi ya kuongezewa muda, na pale lazima ueleze kwa nini kila siku ilivyochelewa ilichelewa, kwa hiyo kazi yangu ikawa kukaa na yule dada na simu yake tunaandika kila simu aliyopiga kwa msimamizi, tarehe na saa, kutoka kwenye orodha ya simu zilizopigwa. Nyingine zilishafutika. Zilizobaki tukapiga skrinishoti, na kaka wakili akaanza kuandaa barua ya kuomba za nyuma kwa mtandao wa simu. Yule dada akaniambia angejua angekuja wiki ile ile, alidhani ukienda kulalamika mapema ndo hawakuiti kabisa.

Wafanyakazi wangapi wanajua hizo siku 30? Mi niko mwaka wa pili wa sheria na nilikuwa nazijua kwa ajili ya mtihani, na mjomba wangu alifukuzwa kazi mwaka jana sikumwambia chochote maana hata haikunijia kichwani kwamba ni kitu cha kumwambia mtu.

Usuluhishi wenyewe CMA ni faragha, tuliruhusiwa kuingia kikao kimoja tu baada ya pande zote kukubali, na sitaandika. Chakula: nyuma ya ofisi kuna mama lishe, wali maharage na dagaa 2,000, ukiongeza mchicha 500. Hoteli ya barabarani sahani kama hiyo ni 5,000 na dagaa wanahesabika.

Alhamisi: Kamanga mpaka Sengerema

Saa 12 asubuhi tuko kivukoni Kamanga pale mjini, mi, kaka wakili, dereva na yule mteja wa bahasha ya kaki. Tunaenda kumtafuta shahidi wa tatu. Mteja alisema anakumbuka ni mzee wa kitongoji fulani, jina la kwanza tu. Kwa nini kivuko na siyo daraja? Sababu daraja la Kigongo–Busisi unazunguka mpaka Usagara kwanza, ukiwa katikati ya mji na kivuko kiko tayari Kamanga inakufaa, ila kikiwa kimeondoka mbele yako ndo umekwisha, unakaa. Sisi tulikaa. Nikala mahindi ya kuchoma, nikaangalia ng'ombe watatu wanakataa kushuka kivukoni na wachuuzi wote wanatoa ushauri.

Upande wa pili barabara ya vumbi, kiangazi cha Agosti, koti langu jeusi likawa la kahawia, nikalivua nikaligeuza nje ndani. Ukitoka na wakili kwenda kijijini vaa suruali na beba nguo ya kubadilisha, hakuna aliyetuambia.

Tuliulizia kwanza ofisi ya kijiji, ndo utaratibu, usiingie kijiji cha watu unaulizia mashamba bila kujitambulisha. Mtendaji alikuwa msibani. Tukasubiri. Bibi mmoja jirani na ofisi akatuletea matobolwa (viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokaushwa) na karanga kwenye sinia, akatuambia kuleni mnasubiri nini na njaa. Kaka wakili akaniambia kula vizuri, hii ndo posho.

Mzee tukampata mchana, anakaribia miaka 80, anasikia upande mmoja. Mjukuu wake akawa anarudia maswali kwa sauti kwa Kisukuma. Akaonyeshwa nakala ya hati, akaiweka karibu na macho, akaigeuza, akacheka. Ni yeye. Akaeleza siku ile yote, nani alikuwepo, pombe ilikuwa ya nani, hela zilihesabiwa mara mbili na muuzaji akaomba aongezewe beberu. Mteja wetu anatabasamu muda wote. Halafu kaka wakili akauliza mpaka ulikuwa wapi.

Mzee akasema kwenye mkuyu.

Mteja akasema hapana mzee, siyo mkuyu, ni kwenye jiwe lile la chini. Mzee akasema jiwe ni la juzi, mkuyu ndo tulikaa chini yake tukasaini, mimi nimekuwepo wewe ulienda kuita mpiga picha hakuja. Na mkuyu, tulivyoenda kuuona, uko hatua nyingi ndani ya eneo ambalo mteja anasema ni lake. Yaani kwa maneno ya shahidi wetu wenyewe, kipande kinachogombaniwa ni cha jirani.

Nilimwangalia kaka wakili ataandika nini. Akaandika mkuyu. Akamsomea mzee alichoandika, mzee akaweka dole gumba, mjukuu akasaini. Kwenye gari mteja hakuongea mpaka Sengerema mjini. Pale akauliza, sasa hilo si ungeliacha? Kaka wakili akamjibu bila hasira: ndugu yangu, nikiliacha mimi, jirani yako atamleta huyo huyo mzee na jaji ataambiwa na yeye. Afadhali tumemsikia leo tukiwa hatujalipia kesi. Halafu akamweleza mambo ambayo mi nilikuwa nayasoma kama vifungu tu, kwamba hata hivyo baraza la ardhi la wilaya lisingempokea moja kwa moja, tangu mabadiliko ya 2021 baraza la kata halihukumu tena, linasuluhisha, na lina siku 30, na ni lazima kupitia pale kwanza. Kwa hiyo nenda pale ukiwa unajua ukweli wa mkuyu, kaa na jirani yako, muangalie kipande cha kugawana. Mteja akasema atafikiria. Akanunua soda zetu wote hata hivyo.

Nauli ya kivuko na mafuta alilipa mteja, ndo kawaida. Mi sikutoa hata mia.

Ijumaa: kalamu nyekundu

Zile kurasa mbili zangu za mtiririko zilirudi nyekundu tupu. Siyo sarufi. Kila nilipoandika "mteja alinunua shamba" bosi kaandika pembeni: nani anasema? Ukurasa mzima, nani anasema, nani anasema, imeandikwa wapi. Nikaandika upya, na shahidi wa tatu sasa ana jina, na chini yake maneno yake kama alivyosema yakiwemo ya beberu.

Mchana bosi akatuita wote wanne tukala naye, akaruhusu maswali yoyote. Tukauliza kuhusu Law School bila shaka. Hiyo shule iko Dar tu, ilianzishwa kwa sheria ya 2007, na bila kuipita huapishwi kuwa wakili hata uwe na digrii ya dhahabu. Yale matokeo ya 2022 yalitutisha wote, 26 tu waliofaulu moja kwa moja kati ya 633, ikaundwa mpaka kamati chini ya Dk. Mwakyembe, aliyewahi kuwa waziri wa sheria. Bosi hakutufariji. Alisema kule wanataka uandike hati, wewe umefundishwa kueleza hati ni nini, basi anza kuandika sasa, kila hukumu unayoisoma iandikie madai yake upya kama wewe ndo ulikuwa wakili wa aliyeshindwa. Na ajira? Namba za mawakili zilishapita 10,000, akasema, waliojaa ni Dar, nenda Geita, nenda Sengerema uone wangapi wana ofisi.

Mi lawama yangu ni moja tu. Ukitaka wanafunzi wa mikoani kweli wapate hii nafasi, usiifanye bila hata nauli. Bila shangazi wa Mabatini mi nisingekuja, na wale wenzangu watatu wote wanalala hosteli hapo hapo mjini. Nimemwambia bosi hivyo hivyo, akaandika kwenye daftari lake. Tutaona.

Jumamosi: Nyegezi kwenda Bukoba

Stendi ya Nyegezi saa 11 alfajiri, mabasi ya Bukoba yanaanzia hapo, usiende ile ya Nyamhongolo utakutana na ya Musoma. Nauli yangu 28,000. Wapiga debe watakushika begi, kata tiketi dirishani siku moja kabla kama unaweza.

Daraja nililitaka mchana na nikalipata asubuhi yenye jua. Limefunguliwa Juni 2025, kama kilomita 3 juu ya maji, basi zima lilinyanyua simu. Mzee niliyekaa naye hakunyanyua. Akaniambia pale Kigongo zamani foleni ya kivuko ilikuwa masaa, aliwahi kulala pale na mgonjwa. Tulipita kwa dakika chache na konda hata hakupunguza muziki.

Sengerema, Geita, Katoro. Katoro tairi, saa nzima na robo, nikanunua chungwa. Baada ya Bwanga nikalala mpaka Biharamulo, na msituni kabla ya Muleba nyani wamekaa barabarani wanaangalia basi kama wakaguzi wa tiketi. Nikiwa hapo simu ikanasa mtandao ikaingia meseji ya kaka wakili: yule dada wa minofu, maombi yake ya kuongezewa muda yamesajiliwa jana jioni kabla mfumo haujagoma. Na mteja wa mkuyu amepiga simu anaulizia baraza la kata linakaa siku gani.

Bukoba niliingia saa 2 usiku. Mkitaka kuomba mwakani, barua iwe ukurasa mmoja, uambatanishe na kitu ulichoandika mwenyewe, na utume kuanzia Aprili kwenye ofisi zaidi ya moja, Mwanza, Geita, hata Musoma, piga simu kabisa uulizie mtu wa masijala, siyo bosi. Jumla yangu na nguo na chakula na nauli za kwenda na kurudi ilikaribia 130,000, na mama ananidai nusu yake.